Mti wa Mei: Kijiji cha Bavaria Kinavyosimamisha Nguzo ya Mita 30 kwa Mikono

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Wengi wetu tumeona picha za vijiji vya Bavaria, kusini mwa Ujerumani: nguzo ndefu yenye michirizi ya bluu na nyeupe, na chini yake watu wakinywa bia. Leo bia tuiweke kando kwanza, tuitazame nguzo. Jina lake ni Maibaum, na husimamishwa tarehe 1 Mei. Nasisitiza jambo moja tangu mwanzo: kinachoisimamisha ni vyama vya hiari. Vyama vikilegea, mti hausimami.

Bavaria ina manispaa 2,056. Katika nyingi zilizo ndogo, meya ana kazi yake nyingine ya kumpa riziki, na zimamoto ni wanakijiji wenyewe wanaojitolea. Sheria ya Ujerumani inataka watu wasiopungua 7 ili chama kisajiliwe, kwa hiyo hata kijiji kidogo huwa na vyama kadhaa: cha vijana wa kiume, cha mavazi ya asili, cha bendi. Hao ndio wenye mti.

Mti wenyewe kwa kawaida ni Fichte, wa jamii ya misonobari, ulionyooka. Hukatwa wakati wa baridi, maana wakati huo una utomvu mchache. Gome hubanduliwa, shina likaanikwa juu ya magogo, kisha likapakwa rangi. Kukausha ni jambo la lazima. Chukueni shina la mita 30, lenye upana wa sentimita 45 kwenye kitako na 12 kileleni: ujazo wake ni kama mita 2 za ujazo. Likiwa bichi linakaribia tani 1.7, likikauka vizuri, kama tani 1. Ukipaka rangi kabla halijakauka, unyevu unafungiwa ndani, rangi inabanduka na kuoza kunaanza.

Ukishafika kijijini, mti unalindwa usiku na mchana, kwa sababu vijana wa kijiji jirani wana ruhusa ya mila kuuiba. Kanuni zinajulikana na wote. Mlinzi akiwahi kuweka mkono juu ya shina na kutamka kwamba mti unabaki, wezi wanaondoka mikono mitupu. Wakifanikiwa kuuvusha mpaka, hawaruhusiwi kuukata wala kuuharibu. Polisi hawaitwi. Kinachofuata ni mazungumzo ya fidia, nayo hulipwa kwa bia na chakula. Mwaka 2004 uliibwa mti uliokuwa juu ya Zugspitze, mlima mrefu kuliko yote Ujerumani, wenye mita 2,962, na wezi walitumia helikopta!

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Siku hizi vijiji vingine hutumia winchi au kreni, na siwalaumu. Lakini wanaotumia mikono wana zana moja muhimu, Schwalben: miti miwili mirefu iliyofungwa kamba karibu na ncha zake, ikawa kama mkasi. Shina hulala kwenye panda ya juu, na watu hushika miguu ya chini. Kuna jozi fupi, za kati na ndefu. Kitako cha mti huegemezwa kwenye kizuizi imara ili kisiteleze.

Mtu mmoja tu ndiye anayeamuru. Akitamka, wote wanasukuma kwa pamoja, mti unapanda kidogo, kisha wanatulia. Katika utulivu huo jozi moja fupi hutolewa na kusogezwa karibu zaidi na kitako, huku nyingine zikishikilia, na jozi ndefu inaingia mahali pake. Kamwe jozi mbili hazihamishwi kwa wakati mmoja. Hapo ndipo ajali hutokea: mzigo unaangukia jozi moja, panda inateleza, mti unayumba kando, na walio chini hawana pa kukimbilia. Ndiyo maana anayeamuru husimama mahali anapouona mti wote, na watazamaji huwekwa mbali kuliko urefu wa mti.

Mwanzoni kazi ni nzito mno kwa sababu mti umelala. Unapoinuka, uzito mikononi hupungua, lakini hatari ya kuyumba huongezeka. Karibu na wima, jozi kadhaa huhamia upande wa pili, la sivyo mti utapitiliza na kuangukia huko. Kazi nzima huweza kuchukua saa kadhaa, bendi ikipiga.

Kitako kikichimbiwa moja kwa moja ardhini, kitaoza pale udongo na hewa vinapokutana. Kwa hiyo vijiji vingi hukibana kwa bolti kati ya vyuma vilivyo kwenye zege, kikiwa juu kidogo ya ardhi ili maji yapite. Hata hivyo mti hukaa miaka michache tu, mara nyingi kati ya 3 na 5, na hukaguliwa kama umeoza. Ukishushwa, vibao vya alama za mafundi wa kijiji (mwokaji, seremala, mhunzi) hutunzwa kwa ajili ya mti ujao, na shina katika vijiji vingine hupigwa mnada.