Kanusha au andika kinyume? Tuanze na nguo za kwenye kamba

Karibuni tena. Leo nina maswali mawili ya mtihani yanayowaibia watu alama kila mwaka: "kanusha" na "andika kinyume". Chukua kalamu.

Tazama ubaoni: "Mama ameanika nguo."

Hatua ya kwanza, tukanushe. Mzizi wa kitenzi usiuguse, shughulika na viambishi tu: "Mama hajaanika nguo." Wengine wameshaandika "hakuanika". Hapana, hiyo ni ya "alianika". Haya, nguo ziko wapi? Labda zimo kwenye beseni, hazijakamuliwa. Labda hata sabuni hazijaiona. Ukanushi haukwambii, unasema tu kuanika bado.

Hatua ya pili, kinyume. Sasa iache -me-, geuza kitenzi: "Mama ameanua nguo." Umeona picha ilivyobadilika? Mawingu yametanda, jirani amepiga kelele, mama anakimbia na nguo begani. Na huwezi kuanua ambacho hakikuanikwa. Kinyume cha namna hii hutengua jambo lililokwisha kutendwa, na kazi hiyo hufanywa na kile kiambishi -u-: funga, fungua; kunja, kunjua; ziba, zibua. Kwenye chomeka kinakuwa -o-: chomoa. Ila msikibandike ovyo. Kinyume cha kununa si kununua, ingawa kuna wenye wapenzi watakaonibishia.

Hatua ya tatu, sifa. Hapa kuna kikombe cha chai. Mtu akisema "chai hii si ya moto", je, amesema ni baridi? Gusa kikombe: vuguvugu. Kwa hiyo "ni ya moto" na "ni ya baridi" haziwezi kuwa kweli pamoja, lakini zinaweza kuwa uongo pamoja. "Ni ya moto" na "si ya moto" haziachi nafasi hiyo: moja ikianguka, nyingine imesimama. Tofauti hii aliieleza Aristotle, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, na mpaka leo wanamantiki wanaanzia hapo.

Hatua ya nne ndiyo ngumu, kwa hiyo twende polepole. "Nguo zote zimekauka." Nataka kukukatalia. Nahitaji nini? Soksi moja tu yenye unyevu. Nikikuonyesha hiyo, kauli yako imevunjika. Basi ukanushi wake kamili ni "Si nguo zote zilizokauka." Nikisema "Hakuna nguo iliyokauka", nimevuka mpaka, maana sasa wewe ukinionyesha leso moja kavu, na mimi nimeanguka. Tumekosea wote wawili, kama kwenye chai.

Na "Nguo zote hazijakauka"? Hii mimi huikwepa kwenye maandishi. Wengi wataelewa hakuna hata moja, lakini wapo watakaoelewa kuwa chache bado. Iweke "si" mbele ya "zote" uepuke ubishi.

Sasa simamisha video. Sentensi ni "Bibi amefunika chungu." Ikanushe, kisha andika kinyume chake.

Tayari? "Bibi hajafunika chungu." "Bibi amefunua chungu." Kama umeandika "hajafunua", umefanya yote mawili kwa mpigo, na chungu bado kimefunikwa. Rudi hatua ya pili.