Maji ya Arusha yanachemka kwa nyuzi 95

Wakubwa, shikamooni. Machalii, mambo vipi?

Kabla sijasema lolote, naomba mmoja wenu aje asome namba kwenye hiki kidude cha kupimia joto. Njoo wewe mwenye ovaroli ya bluu. Maji kwenye sufuria yanatokota, waya wangu umo ndani. Inasema ngapi? Tisini na tano. Maji yanachemka kwa ngapi, jamani? Mia moja, sote tulifundishwa hivyo. Kwa hiyo kidude kibovu? Mwenye ovaroli anasema kibovu, tukirekebishe kisome mia. Asante, kaa. Nitakuita tena.

Kidude ni kizima. Sisi tuko mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, maji yanachemka mapema. Ndiyo maana maharage ya hapa yanamaliza gesi kuliko ya Tanga. Angekirekebisha kisome mia, angekuwa amekifundisha uongo, na ule uongo angeupeleka kwenye injini.

Sasa injini. Wengi mmeiona pale nje mkadhani ni pikipiki iliyomeza jiko. Ni tabo ya Scania niliyoinunua kwenye vyuma chakavu Unga Limited. Kwenye lori, moshi wa injini unazungusha feni ya upande mmoja, na feni ya upande wa pili inasukuma hewa iingie kwenye silinda. Mimi nimeiondoa injini ya lori kabisa. Hewa inayosukumwa inaingia kwenye kopo la moto nililochomelea kwa bomba la stenlesi, humo namwaga mafuta ya taa, yanawaka, moto unazungusha feni, feni inasukuma hewa nyingine, na mzunguko unajiendesha. Moshi ukitoka hapo unakutana na feni ya pili, kubwa zaidi, iliyofungwa peke yake kwenye shafti yake. Hiyo ndiyo inayozungusha gia na tairi. Gia sitazizungumzia leo, zimenitia aibu ya kutosha.

Msidhani ni wazimu wa kwangu peke yangu. Kule Marekani kuna pikipiki ya MTT inayoendeshwa na injini ya Rolls-Royce ya helikopta. Na mkitaka mfano wa karibu, nendeni uwanja wa ndege wa Kisongo asubuhi mkaangalie zile ndege ndogo za Caravan zinazopeleka watalii Serengeti. Injini yake, PT6, ina mpango uleule: feni ya kwanza inasukuma hewa, ya pili iliyo huru inazungusha panga la mbele. Na katikati ya hizo feni mbili wameweka vyuma vya kupimia joto. Rubani anapowasha, jicho liko hapo. Kwenye Caravan yenye PT6A-114A, wakati wa kuruka joto lisipite nyuzi 805. Wakati wa kuwasha linaruhusiwa kufika 1,090, lakini kwa sekunde mbili tu.

Sekunde mbili! Ukipiga chafya umeshachelewa.

Kwa nini joto ndilo kila kitu? Kilo moja ya mafuta ya taa inahitaji kilo 15 hivi za hewa ili iungue yote. Injini ya namna hii inapitisha hewa mara tatu au nne ya hiyo. Hewa ya ziada kazi yake ni kupoza. Ndani ya kopo, katikati ya moto kwenyewe, kuna nyuzi karibu 2,000, na hakuna feni itakayoustahimili moto huo. Matundu ya mwisho ya kopo yanaingiza hewa baridi, moto unatulia, ndipo unaigusa feni. Kwa hiyo chochote kinachopunguza hewa kinapandisha joto, mafuta yakibaki yaleyale. Kichujio kikiziba, joto linapanda. Bushi za shafti zikichoka, feni inazunguka polepole, joto linapanda. Ukitoka Tanga na pampu ya mafuta uliyoipangia kule ukaja nayo Arusha, hewa ya hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 15. Malizieni wenyewe.

Ndiyo maana nawaambia, ukiwa na hela ya geji moja tu, nunua ya joto. Ya oili ni ya pili, lakini iko karibu sana na ya kwanza.

Kuna jambo lililonishangaza mwanzoni. Nilidhani joto linakwenda na mwendo: ukifungua mafuta linapanda, ukipunguza linashuka. Kwenye injini ya kienyeji sivyo. Ikiwa sailensa, yaani inazunguka tu bila kuongezwa mafuta, joto ni kubwa, kwa sababu feni inazunguka kivivu na hewa ni chache. Ukiongeza mafuta taratibu, joto linaweza kushuka, kisha linapanda tena ukikaribia mwisho. Usishtuke, na usiiache sailensa muda mrefu ukidhani unaipumzisha.

Sasa kidude chenyewe. Tunakiita themokapo. Ni waya mbili za madini tofauti zilizounganishwa ncha. Mjerumani Seebeck aligundua mwaka 1821 kwamba ncha ikipata joto na mwisho mwingine ukabaki baridi, umeme kidogo unazaliwa. Kwa aina tunayotumia, aina ya K, ni milivolti nne na ushee tu kwa kila nyuzi mia. Lakini nimesema nini? Ncha ikipata joto na mwisho mwingine ukabaki baridi. Themokapo haijui joto la moto. Inajua tofauti kati ya huku na huku. Geji ndiyo inayopima joto la pale ilipo yenyewe, ikajumlisha. Shikeni hilo, kwa sababu hapo ndipo nilipoua feni yangu ya kwanza.

Themokapo niliyonunua ilikuwa na waya fupi, inaishia pembeni ya injini. Nikahitaji kuirefusha hadi kwenye usukani. Kwanza nikatumia waya wa kawaida wa shaba, wa spika. Bahati nzuri rafiki mmoja akanicheka, akaniambia panahitajika waya wa madini yaleyale. Nikaagiza. Ukaja wa rangi ya njano na nyekundu. Themokapo yenyewe ilikuwa kijani na nyeupe. Sasa wewe fundi umeme wa Arusha, nyekundu ni nini? Chanya! Tangu lini nyekundu ikawa hasi? Nikafunga kijani, ambayo ni chanya, kwenye nyekundu, na nyekundu nikaipeleka kwenye alama ya kujumlisha ya geji. Nikawasha kiberiti kwenye ncha, namba ikapanda. Nikaitia kwenye sufuria, 95 safi kabisa. Nikajipongeza.

Kumbe kwenye mfumo wa Kimarekani wa waya hizi, nyekundu ndiyo hasi.

Mtaniuliza, mbona sufuria ilikubali? Kwa sababu mezani kiungo, yaani pale themokapo inapoungana na waya wa kurefusha, na geji vilikuwa kwenye joto moja, na pasipo tofauti waya wa kurefusha hausemi kitu, hata ukiufunga kichwa chini. Lakini kwenye pikipiki, kiungo kimekaa ubavuni mwa kopo la moto, nyuzi 90. Geji iko kwenye usukani inapigwa na upepo, nyuzi 25. Tofauti ni 65. Kwa waya wa shaba ningesomewa pungufu kwa 65. Kwa waya halali uliogeuzwa, unapoteza mara mbili: 130. Yaani nilitumia hela nyingi zaidi ili nidanganywe mara mbili.

Geji ikasema 690. Nikasema, aah, bado kuna nafasi, nikaongeza mafuta. Kweli yake ilikuwa 820, na hiyo ni baada ya moto kupita kwenye feni. Kabla ya feni ni zaidi ya hapo kwa nyuzi mia na kitu, kwa maana feni imekwisha kula sehemu ya joto ikaligeuza kazi. Chuma cha feni za tabo ni kigumu, kina nikeli nyingi, hakikuyeyuka. Kilivutika. Wahandisi wanakadiria kwamba ukizidisha nyuzi 15 hivi juu ya kiwango, umri wa bawa unakatika nusu. Mimi geji ilinificha 130 huku natabasamu. Mabawa yakarefuka kidogo kidogo hadi yakagusa kava. Mlio wake sitausahau. Paka wa jirani naye sidhani kama ameusahau.

Na isingesaidia kuangalia rangi. Najua wafua vyuma mmo humu, mnasoma moto kwa macho: wekundu wa damu, wa cheri, chungwa. Lakini mnasomea gizani. Jua la saa saba la hapa, bomba lenye nyuzi 600 unaliona jeusi kabisa, unaweza kulishika kwa makosa.

Kwa hiyo kipimo changu cha leo kiko hatua mbili. Ya kwanza ni sufuria. Ya pili, acha ncha hewani, chukua kiungo kitie kwenye mfuko wa nailoni, kizamishe kwenye maji ya moto. Namba isitikisike. Nilipoifanyia ile waya yangu, namba ilishuka ikapita sifuri ikaendelea hadi mia na kitu chini ya sifuri. Hata Kibo hakuna baridi ya namna hiyo! Na kama rangi zinakuchanganya, tumia sumaku. Katika waya mbili za aina ya K, inayoshikwa na sumaku ndiyo hasi, iwe nyekundu, nyeupe au ya zambarau.

Kitu kingine ni unene. Themokapo ya milimita 6, ile ya matanuri, ni imara lakini inachelewa sekunde kadhaa. Ukiwasha na mafuta yakawa yametuama chini ya kopo, moto unaruka na kushuka kabla haijaamka. Tumia ya milimita 1.5. Itaoza mapema, utanunua nyingine, ni bei rahisi kuliko tabo. Na kama unaweza, weka mbili pembe tofauti, kwa sababu kopo la kienyeji huwa na moto mkali upande mmoja.

Kuna aliyeuliza kuhusu kuweka saketi inayokata mafuta yenyewe. Ninayo, ipo chini ya tangi. Lakini inasikiliza themokapo ileile, kwa hiyo siku ile ningekuwa nayo ingenyamaza kama nilivyonyamaza mimi.

Haya, twendeni nje. Wenye simu simameni upande wa tairi la mbele, msisimame ubavuni mwa feni. Kijana wa ovaroli, wewe utakaa kwenye geji. Mimi nitashika bloa na valvu ya mafuta, sitaweza kuiangalia. Soma namba kwa sauti kila inapobadilika, na ukiona mia nane, sema. Nitafunga mafuta hapohapo, bloa itaendelea kupuliza hadi ipoe. Sitakuuliza kama una uhakika.