Pikapu za besi: ukitaka sauti inayokata usikimbilie zenye nguvu

Haya jamani tuanze, walioko nyuma sogeeni huku mbele viti vipo. Nimeombwa niongelee pikapu za gita la besi kwa wale wanaotaka sauti ing'ae, maana kwenye makanisa yetu na kumbi za dansi hapa Dar kilio ni kilekile, besi ipo lakini haieleweki, kifua kinatetemeka ila noti huzijui. Na mtu akishachoka anaenda Kariakoo au anaagiza mtandaoni na anachouliza ni kimoja tu, ipi ina nguvu zaidi? Hapo ndo pesa inapopotea.

Pikapu ni sumaku na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara, uzi ukitetemeka juu yake umeme mdogo unazaliwa kwenye waya, basi. Ukiongeza mizunguko kweli sauti inakua, lakini koili, yaani huo waya uliozungushwa, inakuwa nzito, ni kama bembea iliyopakiwa watu wengi, haiwezi kwenda haraka, na trebo, zile sauti kali za juu, ndo mitetemo ya haraka yenyewe. Kila pikapu ya kawaida ina sehemu inapopandisha sauti kabla ya kukata zile za juu kabisa, na kwa besi nyingi sehemu hiyo iko kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 2000 na 5000 hivi, sasa mizunguko ikizidi inashuka chini na gita linaziba. Uzi wa E mtupu unapiga hezi 41 tu, spika nyingi za ukumbini hazitoi hiyo vizuri, kinachomfanya msikilizaji ajue umepiga noti gani ni zile sauti za juu zinazotoka pamoja nayo. Ukizipoteza hizo, ukiwa na mpiga solo, mtu wa rithimu, kinanda na tarumbeta pembeni, umepotea na wewe.

Kwa hiyo chukua mita ya umeme, pima omu, yaani ukinzani wa waya wa pikapu. Jazz Bass ya kawaida utaona kama kilo-omu 7 mpaka 8 kwa kila pikapu, Precision kama 10 au 11, hizi zote mbili ni besi za kampuni ya Fender. Ukikuta ya aina hiyohiyo inasoma juu sana ya hapo, mara nyingi imezungushwa kupita kiasi na itakuwa nzito. Nasema mara nyingi kwasababu waya mwembamba zaidi nao unapandisha omu bila kuongeza mizunguko, hivo usiitegemee mita peke yake. Chungulia na chini ya pikapu pia, kama kuna kipande bapa cha sumaku ya seramiki na misumari ya chuma cha kawaida, kile chuma nacho kinaifanya koili iwe nzito. Mimi kwa sauti ya kung'aa napendelea zenye vijiti vya sumaku ya alniko 5 (mchanganyiko wa metali, si seramiki), mizunguko ya wastani, sauti inatoka safi na haichomi masikio.

Sasa kuunguruma. Koili moja inang'aa vizuri sana lakini inavuta kelele za umeme, na kumbi zetu nyingi waya wa ethi haupo au upo kwa jina, alafu taa na mafeni yanazunguka juu ya kichwa chako. Jazz Bass, iliyotoka 1960, inajisaidia kwasababu pikapu zake mbili zimetengenezwa kinyume, ukifungua volyumu zote mbili sawa kelele zinafutana, ukipunguza moja tu zinarudi. Precision tangu 1957 ina koili iliyogawanywa vipande viwili, ile haiungurumi. Na kama gita lako lina hambaka, yaani pikapu ya koili mbili zinazofutiana kelele, yenye waya nne, kabla hujanunua chochote mwambie fundi aziunge koili sambamba badala ya mfululizo, sauti itapungua kidogo lakini itafunguka na kelele zitabaki zimezimwa, ndo ilivyo kwenye StingRay ya Music Man tangu 1976 na wote mnajua ile besi inavyokata. Kazi yake ni risasi kidogo tu ya kuchomelea waya na nusu saa.

Kuna kijana kauliza pikapu za betri. Ndiyo, kama za kampuni ya EMG, zinatoa sauti ambayo haijali urefu wa kebo na hazina kelele, nzuri kabisa, ila poti zake, vile vidude vya kuzungusha volyumu na toni, ni za kilo-omu 25 kwa hiyo za zamani unatoa zote, na uwe na betri ya volti 9 ya akiba kwenye begi maana ikifa katikati ya ibada umenyamaza.

Ila nawaomba sana, kabla ya kutoa hata shilingi angalia nyuzi. Joto letu, jasho na upepo wa chumvi vinaua nyuzi haraka, na wengi wanachemsha zilezile, zinaamka siku chache zinalala tena. Weka mpya za chuma cha pua zilizozungushiwa waya wa duara, zinang'aa kuliko za nikeli, alafu sikiliza. Kwa pikapu za kawaida, poti za kilo-omu 250 ukiweka za 500 trebo inaongezeka. Kebo nayo, kila mita inakula trebo, ile ya mita 10 unayoizungushia kwenye stendi badilisha na ya mita 3 kama unasimama karibu na ampu. Na kama ampu ina spika moja ya inchi 15 bila twita (spika ndogo ya sauti za juu), hiyo ng'aro unayoitafuta haitatoka hata ufunge pikapu gani.

Ukiamua kununua, pima urefu na tundu za skrubu kwa rula, kwenye Jazz ya mbele huwa fupi kidogo kuliko ya nyuma, na za nyuzi tano kila kampuni ina saizi yake, usiagize kwa kukisia. Ukishafunga zote mbili sauti ikawa nyembamba kama redio ndogo, waya za moja zimegeuzwa, zigeuze. Mwisho bonyeza freti ya mwisho, acha nafasi kati ya uzi na pikapu kama milimita 3 upande wa nyuzi nene na 2 upande wa nyembamba, ukizipandisha pikapu zaidi sumaku inavuta uzi na noti inayumba. Haya, waliokuja na magita leteni hapa mezani, mita ninayo.