Aliyezimia si Maiti: Mhadhara wa Usalama Barabarani, Bweyale

Waheshimiwa wenyeviti wa LC, yaani mabaraza yetu ya vijiji, viongozi wa steji za boda, walimu, mama zangu wa soko, hamjambo. Wengi mmefunga biashara ili mje hapa, kwa hiyo sitazunguka.

Wilaya yetu ya Kiryandongo, hapa Uganda kwenye barabara kuu ya Kampala kwenda Gulu, imejulikana mbali kwa ajali. Mei 2018 basi liligonga trekta lisilo na taa, watu 22 wakafariki. Usiku wa kuamkia tarehe 22 Oktoba 2025, kule Kitaleba, mabasi mawili yaliyotoka pande tofauti yaliovateki magari mengine kwa wakati mmoja, yakakutana uso kwa uso. Kulipokucha polisi walitangaza vifo 63. Baadaye hesabu ikashuka hadi 46, na polisi wakaeleza kwamba wapo waliokutwa wamezimia, na huenda baadhi yao walihesabiwa pamoja na maiti.

Simameni kidogo hapo. Kama polisi wenyewe, usiku ule, waliweza kuchanganya, sisi tunaofika kwanza na tochi ya simu tutachanganya mara ngapi? Maana wa kwanza kufika si daktari wala polisi. Ni kijana wa boda, ni mwenye kibanda cha chapati, ni mkulima aliyeshtushwa na kishindo.

Basi nisikilizeni. Mtu akilala kimya, usimfunike shuka. Mwite kwa sauti, mguse bega. Tazama kifua kama kinapanda na kushuka, weka sikio karibu na pua yake. Anayepumua lakini hajitambui anaweza kufa kwa ulimi wake mwenyewe au kwa matapishi, hivyo mgeuzeni taratibu alale ubavu, kichwa, shingo na mgongo vikienda pamoja, watu watatu mkisaidiana. Damu ikitoka kwa nguvu, kandamiza kwa kitambaa safi, usiachie kila dakika kuchungulia kama imekoma. Usimpe maji wala soda. Na usimvute mkono kumtoa garini, isipokuwa kuna moto au gari jingine linakuja. Anayepiga kelele ana pumzi. Wa kuwahiwa ni yule aliyenyamaza.

Kuhusu wale wanaokimbilia mifuko na simu za majeruhi, sitasema mengi. Mnawajua. Wenyeviti, hilo ni lenu.

Simu ni 999 au 112. Taja kijiji, upande wa Kampala au wa Gulu, idadi ya magari, na kama kuna tangi la mafuta. Tangi likipinduka, kaa mbali nalo, hata kama jirani yako amekuja na jerikeni.

Sasa tuje kwenye kinachotuletea majeruhi hao. Kuna wanaosema barabara hii ina mizimu, hasa ukikaribia Karuma. Mzimu hauna haja ya kazi hiyo. Trela bovu lililoachwa gizani linatosha. Hesabu ni hii. Gari lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Dereva anahitaji sekunde moja au zaidi kuona, kuelewa na kukanyaga breki, na baada ya hapo gari bado linateleza. Kwenye lami kavu linasimama baada ya mita 50 na zaidi, wakati taa za chini humulika mita 40 au 50 hivi. Maana yake, dereva mzima, asiyelewa, anaweza kuliona trela lile akiwa tayari amechelewa. Ongeza mvua, au taa kali za basi linalokuja mbele, kisha fikiria dereva anayekwenda 110.

Tunajua desturi ya kukata matawi na kuyatandaza nyuma ya gari bovu. Mchana yanasaidia. Usiku majani hayarudishi mwanga, na gari likishatengenezwa, turniboi, yaani utingo, anaruka ndani, matawi na mawe ya kuzuilia matairi yanabaki barabarani. Jiwe hilo ndilo linalomwangusha mtu wa boda saa tano usiku. Kila steji iwe na pembetatu mbili za reflekta na tochi, vikae mahali panapojulikana. Gari likikwama, vijana waziweke mbali nyuma yake, hatua 100 kwa kukadiria, kisha waondoe kila jiwe. Trekta na matela ya miwa nayo yabandikwe reflekta nyuma. Wenye mashamba wakikataa, msiyaruhusu yatoke jioni.

Nchi nzima, polisi waliandika vifo 4,806 mwaka 2023, na 5,144 mwaka 2024. Wengi wao si wenye magari. Ni waenda kwa miguu, na ni watu wa boda pamoja na abiria wao. Kwa hiyo nanyi wa steji: helmeti iliyoning'inizwa kwenye usukani hailindi kichwa cha mtu. Ifungwe kamba kidevuni, na abiria awe na yake, kwa kuwa sheria yetu inamtaja naye. Wenzangu wa miguu, tembeeni mkilitazama gari linalokuja, msilipe mgongo.

Serikali ilijaribu kamera na faini za kielektroniki Juni 2025, watu wakalalamika, zikasimamishwa mwezi huo huo. Mimi naona senta ya biashara kama hii inahitaji matuta kuliko kamera, ila yapakwe rangi na yatanguliwe na kibao, kwa sababu tuta lisiloonekana nalo ni mtego. Barua ya kuyaomba inaweza kuandikwa leo. Mwenyekiti ana kalamu, nami nitabaki kusaidia kutaja sehemu: mbele ya shule, mbele ya soko, na pale wanapovukia watu wa kambi ya wakimbizi. Maswali tuanze na akina mama.