Rangi Yako ya Treni Imeacha Kutengenezwa? Fanya Hivi (Floquil, Polly Scale na Wenzao)

Haya wadau wa treni ndogo za mfano, karibuni. Leo tumalize hili suala la rangi zilizoacha kutengenezwa, manake naona watu wanateseka bure. Umeshapaka mabehewa yako, treni nzima imependeza, unataka kuongeza mengine mawili matatu, unatafuta ile rangi unaambiwa haipo, na si kwamba imeisha dukani, kiwandani kwenyewe hawaitengenezi tena.

Kwa wageni niseme kidogo. Floquil na mwenzake Polly Scale ndo zilikuwa rangi za treni kule Marekani kwa miaka mingi sana, Floquil ya tina kali, Polly Scale ya maji. Utamu wake ni kwamba zilikuja zimeshachanganywa tayari kwa majina ya reli zenyewe, unafungua chupa unapaka: Tuscan Red ya Pennsylvania, Armour Yellow ya Union Pacific, Boxcar Red, Reefer White, Roof Brown, na ile Grimy Black ambayo karibu kila mtu aliipiga chini ya behewa kwenye magurudumu na breki. Mwaka 2013 Testors, ndo waliokuwa wanazimiliki, wakatangaza wanaziacha, na miaka ya baadaye Model Master, rangi yao nyingine, nayo ikafuata. Ndo maana sa hivi ukiingia mtandaoni unakuta kichupa cha zamani kinauzwa bei ambayo ungepata chupa kadhaa mpya.

Mimi nakwambia usinunue. Hujui hicho kichupa kimekaa wapi, kama ni Polly Scale na iliwahi kuganda kwa baridi kwenye stoo ya mtu basi imekufa, utaikoroga mpaka kesho itabaki mabongemabonge. Na hata ikiwa nzima, ukiimaliza umerudi pale pale. Tunachotaka leo ni wewe uweze kuitengeneza hiyo rangi mwenyewe, mwaka huu na mwaka wowote, hata kiwanda kingine kikifunga.

Twende kazi.

Kwanza kabisa kusanya ulichonacho. Chupa zote za zamani, hata iliyobaki tone, usitupe. Sasa angalia hapa, hii ni Floquil ya zamani, usiitikise kwanza! Watu wengi wanakosea hapo, wanatikisa, ule utando mgumu uliojitengeneza juu unavunjika vipande vipande unaingia kwenye rangi, ukija kupuliza, eabrashi, kile kifaa cha kupulizia rangi, inaziba. Fungua kifuniko taratibu, kama kimegoma kizungushie kitambaa chenye maji ya moto kidogo, chungulia ndani, ukiona utando ushike pembeni kwa kibano uutoe mzima mzima. Umeona? Unatoka kama ulivyo. Afu chukua kijiti chenye ncha bapa ushuke nacho mpaka chini kabisa, kule ndo rangi yenyewe imelala, juu ni mafuta tu, ikwangue chini uwe unaipandisha juu polepole. Tina unaongeza kwa matone, usimimine. Ile tina yake ya asili, Dio-Sol, nayo haipo tena, kwa hiyo tumia tina ya laka, lakini fungua madirisha na vaa maski yenye filta za mkaa, ile ya kitambaa haisaidii chochote kwenye moshi wa tina. Ukimaliza chuja kwa kipande cha soksi ya nailoni.

Na kitu kimoja, Floquil ya zamani inakula plastiki. Enzi hizo kampuni yenyewe ilikuwa inauza kitu kinaitwa Barrier, unapaka kwanza ndo rangi isiishambulie plastiki. Wewe piga praima kwanza, ile rangi ya msingi, iache ikauke usiku kucha, na jaribu kwenye kipande cha kutupa kabla hujagusa behewa lako.

Sasa hiyo rangi tuliyoifufua hatupaki nayo behewa. Najua mkono unawasha, lakini hapana. Tunatengeneza nayo kadi, na hii kadi ndo moyo wa video yote ya leo kwa hiyo kaa karibu.

Chukua kipande cha plastiki nyeupe, ile stairini, upana wa vidole viwili hivi. Piga praima ya kijivu yote. Ikikauka puliza ile rangi ya zamani, koti mbili nyepesi, ifunike vizuri usione praima chini. Ikikauka kabisa, ziba nusu kwa tepu, nusu iliyobaki piga klia ya kung'aa, ile vanishi isiyo na rangi, toa tepu. Ona sasa, rangi ni moja lakini upande wenye klia umekuwa mzito zaidi, unaonekana mweusimweusi kidogo kuliko huu mkavu. Watu wanagombana miaka na miaka eti rangi ya kampuni fulani haifanani, kumbe mmoja ameweka klia mwenzake hajaweka. Geuza nyuma uandike kwa kalamu ya wino usiofutika: jina la rangi, kampuni, tarehe, tina uliyotumia. Fanya kadi mbili za kila rangi, moja ya kufanyia kazi, moja iweke kwenye bahasha gizani isipigwe na jua.

Je kama huna hata tone? Basi behewa lako lililopakwa zamani ndo kadi yako, geuza chini, sehemu isiyoshikwa na vidole na isiyopigwa vumbi, linganisha hapo.

Kabla hujaanza kuchanganya chagua familia moja ya rangi ubaki nayo. Hili nalisema kwa herufi kubwa. Tamiya ya Japani ile akriliki yake inaenda na pombe, Vallejo ya Hispania inaenda na maji, Tru-Color ya kule Marekani inaenda na asetoni, Humbrol ile ya kopo ni enameli ya mafuta. Ukichukua tone la Vallejo ukalitia kwenye tina ya pombe linaganda linakuwa kama gundi, na hiyo ikiingia kwenye eabrashi utaifungua yote nati kwa nati. Mimi leo natumia Tamiya kwa sababu inapatikana nchi nyingi, chupa zake zina namba, na namba hizo ndo zinakusaidia kuagiza popote ulipo. Wewe kama una Vallejo karibu tumia Vallejo, njia ni ile ile.

Tuanze na Grimy Black manake ndo inayoulizwa sana. Usianze na nyeusi ya kawaida, nyeusi tupu kwenye kitu kidogo kama hiki inaua kila kitu, huoni tena springi wala boliti. Anza na XF-69, ile NATO Black, hiyo yenyewe tayari ni nyeusi iliyochoka, iko karibu sana. Weka matone kumi kwenye kikombe, ongeza tone moja la XF-57, ile Buff, koroga. Buff inaileta kwenye vumbi, inaipa joto kidogo. Ukitaka behewa lililosafiri sana ongeza tone la pili.

Boxcar Red tunaanza na XF-9, Hull Red, matone nane, halafu XF-7 ambayo ni nyekundu isiyong'aa, matone mawili. Sasa hapa sikiliza vizuri, ukiona imekuwa nzito unataka kuipunguza makali usiguse nyeupe. Nyekundu ukiitia nyeupe inaenda pinki, hakuna behewa la mizigo la pinki. Tia Buff hiyo hiyo, au chungwa kidogo. Na ukitaka kuizamisha usitie nyeusi, tia kahawia, XF-10, tone moja moja. Hivi vipimo ni pa kuanzia tu, kadi yako ndo itakwambia uendelee wapi.

Kulinganisha sasa, leteni kamera hapa karibu. Chukua tone la mchanganyiko wako kwa ncha ya kijiti, liweke juu ya kadi ya zamani kwenyewe, katikati, lisambaze liwe jembamba. Likiwa bichi usilisemee kitu, akriliki ikikauka inabadilika, mara nyingi inakuwa nzito zaidi. Lipulizie kwa drai ya nywele, ile ya hewa ya vuguvugu, isiwe moto wa kuikunja plastiki. Subiri. Sasa angalia... unaona bado kuna duara? Duara linaonekana jekundu zaidi kuliko lililolizunguka, maana yake tupunguze nyekundu au tuongeze kahawia. Naongeza tone moja la kahawia, nakoroga, naweka doa jingine pembeni. Nakausha. Hili sasa ukitazama kwa ubavu unaona ukingo wake tu, ukitazama kwa juu limepotea. Hapo ndo penyewe.

Lakini usifunge kazi bado. Beba kadi uende nayo dirishani mchana, tazama, halafu irudishe chini ya taa ya pale treni yako inapokaa, tazama tena. Kuna rangi mbili zinafanana kabisa juani, ukiziweka chini ya taa ya ledi moja inageuka kijani, nyingine inabaki. Sababu ni kwamba zimetengenezwa kwa unga wa rangi tofauti. Ukilazimika kuchagua, chagua ile inayofanana chini ya taa ya chumba chako maana huko ndo utaiona kila siku.

Na niseme hili kwa moyo wote, msijinyonge kutafuta kufanana kwa asilimia mia. Reli zenyewe hazikuwa hivyo. Ile nyekundu ya mabehewa ni unga wa oksaidi ya chuma, waliipenda kwa sababu ni rahisi na inadumu, na ilikuwa inatofautiana kundi kwa kundi. Pennsylvania peke yake, mabehewa yake ya mizigo ya zamani yanaenda kwenye chungwa, ya miaka ya baadaye yanaenda kwenye kahawia, na yote yalikuwa yanatembea kwenye treni moja, moja limetoka karakana jana, jingine limepigwa jua miaka kumi. Kwa hiyo ile chupa ilikuwa ni maoni ya mtu mmoja kuhusu behewa moja. Wewe nawe una haki ya kuwa na yako, ilimradi uwe na kadi.

Hii hii njia ndo itakusaidia kwa treni ambazo rangi yake hutaikuta kwenye rafu ya duka la hobi. Ndugu zangu mlioko Afrika Mashariki, mtu anayetaka kutengeneza zile Garratt, injini kubwa za mvuke, za klasi 59 za East African Railways, zile zilizotoka kwa Beyer Peacock kule Manchester mwaka 1955 na 1956, zilizopewa majina ya milima, anaitafuta ile damu ya mzee hapati. Nenda makumbusho ya reli Nairobi, Mount Gelai ipo pale, piga picha ukiwa na kadi ya kijivu, ile ya wapiga picha, kando yake kwenye kivuli, uwe na kitu cha kurekebishia picha ukifika nyumbani. Ila kumbuka chuma kilichokaa nje miaka yote hiyo hakikupi rangi ya kiwandani, tafuta sehemu iliyojificha. Ukishapata kadi yako unaweza pia kuipeleka kwa wale wanaochanganya rangi za magari, wana jicho kali sana wale, wakuchanganyie kidogo, ila rangi yao ni ya tina kali kwa hiyo praima lazima.

Umeshapata mchanganyiko? Tengeneza mwingi. Hesabu mabehewa yote ya huo mradi, ongeza na ya kurekebishia. Matone yageuze kuwa mililita kwa bomba la sindano, kama ilikuwa nane kwa mbili kwa moja basi mililita nane, mbili, moja, na ukishachanganya ule mkubwa rudi tena kwenye kadi uweke doa, matone hayalingani ukubwa. Weka kwenye chupa ya glasi, tia gololi moja safi ya chuma kisichoshika kutu ikusaidie kukoroga, futa mdomo wa chupa kabisa kabla ya kufunga, rangi ikikauka pale hewa inaingia na ndo mwanzo wa ule utando tulioutoa.

Kupuliza ni haraka tu. Rangi sehemu moja, tina X-20A sehemu moja, iwe nyepesi kama maziwa, presha kati ya psi 15 na 20, koti nyembamba tatu ni bora kuliko moja nzito. Ikikauka klia ya kung'aa, stika za maji, halafu klia isiyong'aa ya kufunga kila kitu. Usiamue kama rangi imefanana kabla ya hiyo klia ya mwisho, umeona wenyewe kwenye kadi ilivyobadilika.

Na likitokea behewa jipya bado linapishana kidogo na ya zamani, usilivue rangi. Usiliweke tu bega kwa bega na mwenzake, weka behewa la tangi katikati yao, na yote yapige vumbi moja, Buff iliyolainishwa sana, sehemu moja ya rangi kwa tisa za tina, kuanzia chini kupanda juu. Vumbi moja linayaunganisha.

Mwisho toboa tundu dogo kwenye kona ya kila kadi, zitie kwenye pete moja ya funguo, na nyuma ya kila moja ongeza sasa namba za ulichotumia na vipimo vyake. Hii ya kwangu inasema: Grimy Black, XF-69 kumi, XF-57 moja, X-20A, klia isiyong'aa. Itundike karibu na kompresa, ile pampu ya hewa ya eabrashi.