Kalsiamu, Lupasi na Breki ya Seli: Mazungumzo Kutoka Malindi

MWANAIDI: Assalaam aleikum, na karibuni kwenye kipindi chetu cha afya kutoka hapa Malindi. Mimi ni Mwanaidi, afisa wa maabara, na mwenzangu ni Mwalimu Kazungu, anayefundisha baiolojia. Leo tuna swali la mama mmoja wa Maweni ambaye bintiye amepatikana na lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Amesikia kwamba katika ugonjwa huo kalsiamu huzidi ndani ya seli za kinga, na anauliza kama amwachishe binti maziwa na dagaa.

KAZUNGU: Naomba tumjibu kwanza kabla ya maelezo, Bi Mwanaidi, asije akaendelea kumnyima mtoto chakula huku akitusubiri.

MWANAIDI: Asimwachishe. Kalsiamu ya damu husimamiwa na homoni, na kwa mtu mzima mwenye afya hubaki kati ya takriban milimoli 2.2 na 2.6 kwa lita, awe amekunywa maziwa asubuhi au hakunywa. Kinachozungumzwa katika lupasi ni jinsi seli moja moja zinavyoiruhusu kalsiamu kupita kwenye utando wao, na jambo hilo halibadilishwi na kitoweo. Tena wagonjwa wengi hupewa prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga, ambayo ikitumiwa kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa, nao huambiwa wajikinge na jua, kwa hiyo hao ndio hasa wanaohitaji kalsiamu na vitamini D ya kutosha.

KAZUNGU: Basi tuingie ndani ya seli yenyewe. Katika seli T, aina mojawapo ya seli za kinga, ikiwa imetulia, kalsiamu huru iliyo ndani ni chini ya ile ya nje kwa kiasi cha mara 10,000, na tofauti hiyo ndiyo inayoiwezesha seli kuitumia kalsiamu kama ishara. Kipokezi cha seli kinapokutana na kitu kigeni, akiba ya kalsiamu iliyo ndani humwagwa. Protini iitwayo STIM1 hugundua kwamba akiba imepungua, ikazifungua njia za ORAI1 zilizo kwenye utando wa nje, na kalsiamu ikaingia kwa wingi. ORAI1 ilitambuliwa mwaka 2006, kwa msaada wa uchunguzi wa watoto waliozaliwa na upungufu mkubwa wa kinga kwa sababu seli zao T hazikuweza kuipitisha kalsiamu. Watoto hao walikuwa na seli T, lakini seli zisizoitika wito.

MWANAIDI: Na sisi wa maabara tuna njia ya kuyaona haya kwa macho. Seli hulishwa rangi inayong'aa pale tu inaposhikana na kalsiamu, kisha kipokezi chake huchokozwa, na mwanga ukapimwa sekunde kwa sekunde. Seli ya mtu mzima wa afya hung'aa kisha ikafifia kwa utaratibu. Seli T ya mgonjwa wa lupasi hung'aa mapema zaidi na kwa nguvu zaidi.

KAZUNGU: Sababu yake imefuatiliwa kwa miaka mingi, hasa na kundi la George Tsokos nchini Marekani. Kipokezi cha seli T kina kipande kiitwacho zeta, ambacho hupeleka habari ndani kupitia kimeng'enya cha ZAP-70. Katika lupasi kipande hicho hupungua, na nafasi yake huchukuliwa na kingine, mnyororo wa gama wa kipokezi cha Fc, ambacho hushirikiana na kimeng'enya cha Syk chenye nguvu zaidi. Uchokozi ule ule mdogo, ambao seli ya kawaida ingeupuuza, huwa sasa unaleta kalsiamu nyingi.

MWANAIDI: Hapa ndipo wanafunzi wangu hukwama, Mwalimu, nami sioni ajabu wakikwama. Tunawafundisha kwamba kalsiamu huamsha kimeng'enya cha kalsinyurini, kalsinyurini huiruhusu protini ya NFAT kuingia kwenye kiini, na NFAT huwasha jeni ya intaleukini ya 2, mojawapo ya protini ambazo seli za kinga hutumiana kama ujumbe. Wanatarajia basi kwamba kalsiamu ikizidi, intaleukini ya 2 nayo itazidi. Katika lupasi hupungua.

KAZUNGU: Kwa sababu kalsiamu hiyo hiyo huamsha pia kimeng'enya kingine, CaMKIV, ambacho husaidia protini ya CREM alfa kukaa juu ya jeni ya intaleukini ya 2 na kuizima. Wakati huo huo NFAT inaendelea kuwasha mambo mengine, ikiwemo ile ishara ya CD40L inayozihimiza seli B kutengeneza kingamwili, na CaMKIV husukuma seli T nyingine kwenye upande wa intaleukini ya 17, unaochochea uvimbe. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba kinga ya mgonjwa wa lupasi ina nguvu kupita kiasi. Seli T dhibiti, ambazo kazi yake ni kuzituliza nyingine, huishi kwa intaleukini ya 2. Ikipungua, wale waliopaswa kutuliza ndio wanaodhoofika.

MWANAIDI: Nimefurahi umelisema hilo, kwa sababu kuna watu wanaouza mitishamba ya "kupunguza kinga" na wengine ya "kuongeza kinga", na wote wawili humwendea mgonjwa yule yule. Sasa tuzungumzie seli B, maana hapo hadithi inafika kwetu Kilifi.

KAZUNGU: Seli B ina breki yake, kipokezi kinachoitwa FcγRIIB. Kingamwili zikishakuwa za kutosha, breki hii hukatiza ishara ya kalsiamu na seli B ikaacha kuitikia. Kuna watu waliorithi umbo la kipokezi hicho, liitwalo T232, lisiloweza kuingia kwenye sehemu za utando ambako kazi yake hufanyika. Breki ipo lakini haishiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba waliorithi umbo hilo kutoka kwa wazazi wote wawili wamo hatarini zaidi kupata lupasi, na kwamba watoto wa Kenya waliolirithi vivyo hivyo walikuwa wamekingwa zaidi na malaria kali. Umbo hilo huonekana mara nyingi zaidi Afrika na Asia ya Kusini-Mashariki kuliko Ulaya.

MWANAIDI: Hilo hunigusa kila ninapolifikiria. Pwani hii imezika watoto wengi kwa malaria, na huenda kinga iliyomwokoa bibi utotoni ikamgeukia mjukuu wake ukubwani. Ila niseme wazi kwamba wengi wenye umbo hilo hawapati lupasi kabisa. Ni jeni moja kati ya nyingi, pamoja na homoni na jua. Wala mama yetu wa Maweni asijilaumu kwa alichomrithisha binti.

KAZUNGU: Nalo lina upande wa kila siku. Hapa kwetu homa, uchovu na maumivu ya viungo huitwa malaria hata kipimo kikisema hapana. Homa inayorudi rudi kwa mwanamke kijana, pamoja na vipele vya mashavuni, vidonda vya mdomoni, au nywele zinazobaki kwenye kitana, inastahili kupelekwa kwa daktari kwa swali jingine.

MWANAIDI: Na akishapatikana, ataandikiwa haidroksiklorokwini, na jirani atamwambia hiyo ni dawa ya malaria, aiache. Ni kweli ni ndugu wa klorokwini, ambayo Kenya iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998 baada ya vimelea kuizoea, lakini katika lupasi kazi yake ni nyingine, na hupunguza marudio ya ugonjwa. Kipimo cha siku kisizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, na macho yakaguliwe. Dawa zinazogusa njia ya kalsiamu yenyewe ni kama takrolimasi na voklosporini, ambazo huzuia kalsinyurini. Voklosporini iliidhinishwa Marekani mwezi wa Januari 2021 kwa figo zilizoshambuliwa na lupasi. Hizo zinahitaji kupimwa shinikizo la damu na figo mara kwa mara, kwa hiyo mtu asizinunue mwenyewe dukani.

KAZUNGU: Na figo zikianza kuumia, mgonjwa atajuaje?

MWANAIDI: Mara nyingi hatajua, kwa kuwa haziumi. Ndiyo maana mkojo hupimwa kila anapokuja kliniki, hata akijisikia mzima. Kile kijiraba cha manjano kwenye kijiti hugeuka kijani palipo na protini, na kadiri kijani kinavyokolea ndivyo protini ilivyo nyingi; hapo hutumwa mkojo wa asubuhi maabara, upimwe uwiano wa protini na kreatinini. Mama akienda na binti wakati ujao, aulize matokeo ya kijiti hicho na ayaandike kwenye daftari lake pamoja na tarehe.