Mwalimu Amefika Wapi, Mwanafunzi Amefika Wapi?

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wakuu, walimu wenzangu na wazazi mliohudhuria, hamjamboni.

Shule za Kenya zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona. Oktoba mwaka huo walirudi wanafunzi wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne peke yao. Waliobaki walikaa nyumbani hadi tarehe 4 Januari 2021. Ili kufidia muda huo kalenda ikabanwa, mihula ikafupishwa, likizo zikawa za siku chache, na hatukurudi kwenye mwaka wa kawaida hadi Januari 2023. Kwa hesabu ya kalenda, deni limekwisha kulipwa. Nimekuja kuzungumzia deni alilobaki nalo mwanafunzi.

Aliyekuwa darasa la saba mwaka 2020 alifanya KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, Machi 2022 na kufikia KCSE, ule wa mwisho wa sekondari, mwaka 2025, na aliyekuwa darasa la tano yumo katika kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu), ambalo KCSE yake ni ya 2027. Anayedhani kwamba habari za korona zimepitwa na wakati hajasahihisha madaftari ya watoto hawa.

Mimi hufundisha hisabati. Siku moja niliwapa kidato cha tatu swali jepesi: theluthi ya x ukiijumlisha na robo ya x unapata 7, x ni ngapi? Msichana mmoja alijumlisha nambari za juu akapata 2x, akajumlisha za chini, 3 na 4, akapata 7, kisha akaandika kwamba 2x juu ya 7 ni sawa na 7. Kuanzia hapo hakukosea hata hatua moja: alizidisha pande zote mbili kwa 7, akagawanya 49 kwa 2, akapata 24.5. Jibu ni 12. Milinganyo, ambayo ndiyo mada niliyokuwa nikiipima, anaijua vizuri. Asichokijua ni kujumlisha sehemu, kama theluthi na robo, jambo la shule ya msingi. Nami, kwa haraka ya kumaliza rundo la madaftari, nilikuwa nimemwandikia pembeni kwa kalamu nyekundu: "Rudia milinganyo."

Tangu hapo, wiki ya kwanza ya muhula mimi hutoa jaribio fupi la maswali ya shule ya msingi, lisiloandikwa alama, na karatasi nazipanga kwa aina ya kosa. Shirika la Pratham la India limeonyesha kwa miaka mingi faida ya kuwapanga watoto wa msingi kwa kiwango chao badala ya umri, kwa sehemu ya siku. Kwetu sekondari jambo hili linahitaji uangalifu, kwa sababu kijana wa miaka 17 akiambiwa mbele ya wenzake kwamba yumo kundi la sehemu na desimali, kesho hamtamwona. Kwa hiyo makundi yangu hubadilika kila baada ya wiki mbili, na anayesaidiwa leo katika sehemu huenda ndiye atakayewaelekeza wenzake katika jometri.

Muda unatoka wapi? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza masomo ya likizo, nami sioni sababu ya kuilalamikia. Prepu, yaani kujisomea shuleni jioni, inawafaa wa bweni tu. Wa kutwa wakati huo wako njiani, au wanateka maji. Kinachobaki ni kipindi kimoja cha dakika 40 kila wiki, kilichokatwa kutoka katika mada mpya.

Na hapo ndipo ninapowageukia walimu wakuu. Maazimio ya kazi na rekodi ya kazi, kama tunavyozijaza sasa, huonyesha mwalimu amefika mada gani. Mwalimu anayerudi nyuma kufundisha sehemu katika kidato cha tatu hana pa kuandika. Mimi huandika "marudio", na nimewahi kuulizwa mbona marudio wakati mada yenyewe haijafundishwa. Naomba safu moja iongezwe katika rekodi hiyo, ya idadi ya wanafunzi walioweza, na kwamba mnapotia sahihi Ijumaa muisome hiyo kwanza.

Asanteni. Niko tayari kwa maswali.